Mwizi wa Skrini

Mwizi alikuwa ameiba skrini tu. Kasha la kompyuta, lenye thamani yote, alikuwa ameliacha chini ya meza, nyaya zikining'inia.

Inspekta alichuchumaa mlangoni pa ukumbi wa michezo ya kompyuta. Kitasa kizima, kufuli halina mkwaruzo. Aliyeingia alikuwa na ufunguo.

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Mimi na mama wa usafi," alisema mwenye ukumbi bila kuinua macho. Alikuwa ameazima skrini nyingine na kuichomeka kwenye kasha lilelile. Mstari wa kijani ulikuwa ukijongea polepole kiooni, ukionyesha kazi aliyoianzisha ilipofikia. "Huyo mtoe, afande. Hata kuwasha nilimfundisha mimi."

"Anacheza?"

"Anajaribu, maskini. Kila akimaliza kupiga deki, anamwendea joka mikono mitupu, anauawa. Anaanza upya, anauawa. Sijaona mchezaji mbovu vile." Alicheka. "Na joka mwenyewe si mchezo. Kuna modi humo, nyongeza iliyotengenezwa na kijana mmoja aliyekuwa fundi hapa kabla sijanunua ukumbi. Alimfanya joka asome mbinu zako. Akaweka na askari wa kukusaidia: ukianguka anakuinua, na kila ukianza upya ana neno jipya la kukuambia. Sauti ni ya fundi mwenyewe. Watu waliurudia mchezo ule mpaka wakamchoka huyo askari. Jana nikatangaza kwamba leo namfuta, naweka mapambano mapya."

Inspekta aliacha kuandika.

"Huyo askari huongea lini?"

"Ukianguka."

"Ukishinda?"

"Kimya."

Mama wa usafi alipanga chumba kimoja nyuma ya soko. Skrini ilikuwa kitandani, imeegemezwa kwenye mto, imepanguswa vumbi. Waya wake ulichomekwa ukutani. Kioo cheusi.

"Mama, nimefuata skrini."

"Najua, baba. Nimeichukua mimi." Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Hataki kutokea. Namwita tangu asubuhi."

"Nani?"

"Mwanangu. Alikuwa fundi pale. Alifia hospitali, mimi niko njiani. Sikumkuta. Halafu siku moja napiga deki, namsikia: 'Inuka, tuko wote.' Joka alikuwa amemwangusha mteja."

"Ndiyo maana huchomoi upanga."

"Nikimpiga joka nitashinda. Nikishinda, mwanangu hanisemeshi." Aligusa kioo. "Siku zote nilimwona humu. Ningechukua nini kingine?"

Inspekta aliukumbuka ule mstari wa kijani. Akampigia simu mwenye ukumbi.

"Simamisha hiyo kazi. Usifute kitu kwenye hilo kasha."

"Umechelewa, afande. Imeshaisha."

"Nakala ya zamani?"

"Ya nini tena? Sikuweka."

Alipokata simu, mama alikuwa amenyoosha mikono, viganja juu.

"Nifunge, sikatai. Ila niambie, baba. Kumbe yumo kwenye lile kasha? Bado yupo?"

Inspekta aliketi kando yake kitandani, pingu mfukoni, wakakitazama kile kioo cheusi. Hakukuwa na mtu humo ila wao wawili.