Vidole vya Mlingoti

Gundi aliamka amechoka, kama kawaida. Alifagia vipande vya uzi chini ya cherehani ya mama yake, akajaza ndoo, akamwogesha mdogo wake wa kiume aliyepiga kelele kama anayechunwa ngozi, ndipo akakimbilia shule. Huyu ndiye golikipa wa timu ya wasichana. Mpira ukimfika mikononi haubanduki, ndiyo maana wakamwita Gundi.

Jioni ilikuwa nusu fainali. Kipindi cha pili, wakiongoza mabao mawili kwa moja, Gundi alijitupa miguuni mwa mshambuliaji. Kichwa kikakutana na goti. Goti halikuumia.

Alipofumbua macho aliona walimu wa michezo wawili, wote wamechoka, na filimbi zao zinafanana. Shule ilikuwa na mmoja tu.

Mwalimu alikuwa na desturi yake. Mchezaji akigongwa kichwa huulizwa: mabao mangapi, kipindi cha ngapi, tunacheza na nani? Ukikosea, unatoka. Wasichana hawakuogopa kugongwa. Waliogopa kutoka, maana ukitoka, mwenzako anaikalia nafasi yako. Jina la timu pinzani walilikariri kabla ya mechi, na hayo mengine aliyashughulikia Mlingoti, beki mrefu, rafiki wa Gundi. Alisimama nyuma ya mwalimu akionyesha majibu kwa vidole.

Siku hiyo mwalimu alikuwa amechoka hata na maswali yake mwenyewe.

"Mwanangu, jezi hiyo kashona nani?"

Gundi alitazama vidole. Viwili huku, kimoja kule.

"Mbili kwa moja," akajibu.

Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu akageuka, akavikuta vidole vya Mlingoti bado viko hewani. Kicheko kikafa. Mwalimu hakugomba. Aliketi kwenye nyasi kama mtu aliyetua gunia.

"Toka, mwanangu."

"Mwalimu, naweza!"

"Unaweza nini, nawe humjui hata mama yako aliyeishona?"

Kipa wa akiba alifungwa bao, kisha wakatolewa kwa penalti. Daktari naye alisema ubongo umetikisika: Gundi asiguse mpira mpaka amruhusu, kwani pigo la pili juu ya kichwa ambacho hakijapona linaweza kumlaza asiamke.

Kesho yake Mlingoti alikuja, akainama mlangoni asigonge kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe fundi wa vidole? Haya, nionyeshe: nina watoto wa kike wangapi?"

Mlingoti akainua kidole kimoja, kwa aibu.

"Umepata. Sasa, angegongwa tena, ungenirudishia wangapi?"

Mlingoti akakikunja kidole. Gundi akaanza kulia.

"Mama, tumekosa fainali kwa sababu yangu."

Mama alisimamisha cherehani, akafikicha macho yake mekundu. "Mimi macho yakichoka nazima mashine. Wenye nguo wananuna, lakini vidole vyangu vyote ninavyo. Mtu akiuliza kama umeumia, mwambie kweli. Na rafiki anayekusaidia kudanganya juu ya kichwa chako, huyo hajakusaidia. Nafasi kwenye timu itarudi. Kichwa sijui kushona."

Mechi iliyofuata, ya kutafuta mshindi wa tatu, Gundi alikuwa benchi bado. Mlingoti akagongwa kichwa, na mwalimu akamwinamia kumuuliza maswali. Mlingoti alitupa jicho benchini, mazoea hayo. Gundi akaikalia mikono yake yote miwili.

"Mwalimu," Mlingoti akasema, "kichwa kinazunguka. Nitoe."