Cha Pili Kimetangulia Nyumbani

Risiti ilikuwa ya moto. Hilo peke yake lilitosha kumshtua, maana duka lilikuwa halijafunguliwa, mashine zote nane za malipo zimezimwa, na toroli alimoiokota lilikuwa limelala nje na wenzake tangu jana. Lakini kikaratasi kilikuwa na joto la kwapa, kama kimetoka mashineni sasa hivi. Mwanamke akakikunja, akakitia kwenye sidiria, akaingia kazini.

Kazini walimwita Bila Risiti. Miaka kumi na moja alikaa kwenye meza ya marejesho, pale watu wanaporudisha birika linalovuja na viatu vinavyobana, na kila aliyekuja mikono mitupu alipewa sentensi ile ile, kwa sauti tamu ya mtu anayefurahia kunyima: "Bila risiti hatupokei. Tunabadilisha tu, kwa kitu cha thamani ile ile."

Alikuwa kiboko ya matapeli. Nimeingia maduka makubwa ya nchi nyingi, mara nyingi kukimbia jua na wala si kununua, na kila mahali ujanja ni mmoja: mtu anaokota risiti iliyotupwa, anachukua rafuni kitu kile kile kilichoandikwa, kisha ama anatoka nacho mlangoni kifua mbele, ama anakipeleka mezani kana kwamba alikinunua jana, arudishiwe fedha. Bila Risiti aliwanusa watu hao kabla hawajafungua mdomo. Mmoja alimkamata kwa sababu kiatu alichoapa kukivaa wiki nzima kilikuwa bado na karatasi puani.

Sasa leo amekuwa yeye. Na kilichomsukuma hakikuwa njaa. Kilikuwa wivu.

Wivu wake mtaa mzima uliujua. Aliolewa na kinyozi, na walipomuuliza kwa nini kinyozi, alijibu bila haya: "Wateja wake wote ni wanaume, na wameinamisha vichwa." Kitandani alilala upande wa mlangoni, akamsukumia mume upande wa ukutani. "Mwizi akija ataanza na mimi," alisema. "Na mwanamke akija, ataanza na mimi vile vile." Mume alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na mkewe aliwaonea wivu hata watu aliocheka nao.

Wifi yake, dada mdogo wa kinyozi, alikuwa keshia wa kaunta namba nne katika duka lile lile. Jumapili moja walipomtembelea, wifi akawasha feni yake mpya ya kusimama, nyeupe, yenye shingo ndefu. Kinyozi akafungua vifungo vya shati na kufumba macho.

"Ah, kwa dada raha! Sisi kwetu tunapikwa kama maharage."

"Wifi," dada mtu akatania, "mnunulie kaka yangu feni, la sivyo atahamia hapa."

Ulikuwa utani wa mawifi tu. Lakini mwenye wivu hatanii. Neno humkaa kooni kama mwiba wa samaki. Na asubuhi ile, risiti ya moto iliandikwa hivi: Feni ya kusimama, nyeupe, 1.

Saa ya mapumziko alichukua feni rafuni na kuibeba hadi mlangoni. Mlinzi alimjua, akaipokea risiti akitabasamu, kisha akakunja uso.

"Dada, hapa pameandikwa vitu viwili. Mbona naona kimoja?"

Kweli, chini ya feni palikuwa na mstari wa pili, umefifia, hausomeki ila tarakimu moja mwishoni. Ulimi haukutetereka.

"Cha pili kimetangulia nyumbani."

"Haya." Mlinzi akapiga mstari wa kalamu juu ya karatasi, alama kwamba mali imetoka kihalali. "Kitumieni kwa afya."

Nyuma yake mtu akacheka polepole, kicheko cha mwanamke aliyepewa ruhusa. Bila Risiti akageuka. Hapakuwa na mtu. Toroli moja tupu lilikuwa likitikisika magurudumu.

*

Siku mbili za kwanza zilikuwa asali. Kinyozi aliisifu feni, akamsifu mke, akasahau kabisa nyumba ya dada yake. Siku ya tatu, mchana, wote wawili wakiwa wamejilaza baada ya kula, umeme ukakatika. Redio ya jirani ikanyamaza katikati ya tangazo. Friji ikakohoa, ikazimika.

Feni haikuzimika.

Ilikuja kwanza harufu, marashi ya waridi yaliyochanganyika na waya unaoungua, na mwanamke akainua kichwa akaona shingo ndefu ile ikigeuka kushoto, ikigeuka kulia, taratibu kama mtu anayechagua nguo dukani, na kila ilipomfikia yeye upepo uligeuka kuwa wa moto, ukamkausha midomo, na kila ilipomfikia mumewe ukawa baridi na kunong'ona, mpaka mwisho feni ikaacha kugeuka kabisa, ikasimama imemkazia mume uso, ikainamisha kichwa karibu na sikio lake, na mume, akiwa bado amefumba macho, akacheka kile kicheko ambacho mkewe alidhani amekimaliza chote yeye.

Alinyoosha mkono kuichomoa. Waya ulikuwa umelala sakafuni. Haukuwa umechomekwa popote.

Tangu siku hiyo kinyozi hakwenda kunyoa mtu. Alikaa mbele ya feni, shati wazi, akitikisa kichwa kama anayesikiliza hadithi. Chakula kilimpoa mkononi. Mke akafanya alichokijua: akapekua mifuko. Akakuta risiti tatu, zote zina joto. Mtandio wa rangi ya damu, 1. Kioo cha mkononi, 1. Marashi ya waridi, 1. Na chini ya kila moja: Kaunta 9. Umehudumiwa na: kisha pengo jeupe, pasipo jina.

Niseme ukweli, mimi ningekimbia hapo hapo, viatu ningevikumbukia njiani. Yeye hakuogopa hata kidogo. Alikasirika. Alikuwa amepata alichokitafuta miaka yote ya ndoa: ushahidi.

Kesho yake alimvizia wifi kwenye kaunta namba nne.

"Wifi, nani anakaa namba tisa?"

"Namba tisa ipi? Kaunta ziko nane."

"Usimfichie kaka yako. Damu nzito, najua, lakini mimi pia ni mtu."

"Wifi, shusha sauti." Dada mtu akatazama foleni, akamshika mkono. "Njoo uone. Baada ya nane ni ukuta. Gusa mwenyewe."

Bila Risiti akagusa ukuta, wa rangi ya maziwa, usio na tundu wala waya. Ulikuwa wa moto kama risiti.

Akamweleza wifi yote, toroli, feni, mlinzi, akilia kimyakimya huku spika za duka zikitangaza sabuni ya kufulia. Wifi hakumlaumu. Alisema tu, "Ungeniomba, ningewapa ile yangu," na maneno hayo yalimuuma kuliko kofi.

*

Mganga ambaye wifi alimpeleka kwake alikuwa mama mnene aliyekalia kiti cha plastiki kilichofungwa kamba mguu mmoja. Alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza, akauliza swali moja.

"Mlangoni ulisema nini? Maneno yenyewe."

"Nilisema... cha pili kimetangulia nyumbani."

"Na cha pili ni nini?"

"Sijui, mama. Kilikuwa kimefifia."

Mganga akapumua kwa nguvu. "Basi mwanangu, omba kiwe sufuria."

Akawaeleza kwa sauti ya chini. Huyo ni jini mahaba, mwenye wivu kuliko yeye, "na kwako wewe hiyo si sifa ndogo." Hakumwibia. Alitega, mwenye mali mwenyewe akampitishia mlangoni, kwa ushahidi na kwa kalamu. Majini hushika sana neno lililotamkwa. Feni irudi dukani ilikotoka, juu ya meza yake ya marejesho, jua la utosi, na risiti ile ile.

"Isomeke," mganga akasisitiza. "Na fanyeni haraka. Atamsahaulisha mke kwanza. Akimaliza hapo, anamchukua."

Bila Risiti alirudi nyumbani akikimbia. Mume aliinua macho kutoka kwenye feni, akamtazama kwa adabu ya mtu anayempokea mgeni.

"Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

Akaingia chumbani kutoa risiti. Siku kumi kwenye jasho la kifua zilikuwa zimeila. Neno "feni" lenyewe limebaki kama moshi. Je, ikifutika kabla ya kesho mchana? Hofu humfanya bingwa asahau somo lake mwenyewe. Mwanamke huyu aliyewaonya maelfu ya wateja wasiache risiti juani, akatoka mbio hadi duka la vifaa vya shule, akaomba ifunikwe plastiki kwa ile mashine ya vitambulisho, isiharibike tena milele. Mashine ikaimeza. Upande wa pili ikatoka nyeusi kama mkaa.

"Aa, dada," mwenye duka akasikitika. "Karatasi hizi hazitaki moto. Mbona kila mtu anajua?"

Bila Risiti alikuwa ameielekeza kwenye mwanga. Ndani ya weusi ule herufi zilizofifia zilibaki hafifu, rangi ya majivu, na kwa mara ya kwanza mstari wa pili ulionekana.

Feni ya kusimama, nyeupe, 1.
Mume, 1.

*

Saa sita mchana ya kesho yake feni ilikuwa juu ya meza ya marejesho, shingo imegeukia mlango. Foleni ilikuwepo, kisha haikuwepo. Hakuona watu wakiondoka. Spika zikakata. Harufu ya waridi na waya ikaja kutoka upande wa kaunta, na baada yake mwanamke mrefu, mtandio wa rangi ya damu, uso mzuri kiasi kwamba Bila Risiti, hata pale, alijikuta akimtafuta kasoro.

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri. Na... narudisha hii. Na kile cha pili."

Mgeni akainua ile plastiki nyeusi kwa kucha mbili. "Haisomeki."

"Inasomeka! Ielekeze kwenye mwanga!"

"Wewe ungeipokea?"

Bila Risiti akaitazama meza yake ya miaka kumi na moja.

"Kanuni ni yako, si yangu," mgeni akanong'ona. "Niambie inasemaje."

Hakutaka kuitamka. Ulimi ukaitamka wenyewe, ingawa utamu wake ulikuwa umekwisha. "Bila risiti hatupokei. Tunabadilisha tu, kwa kitu cha thamani ile ile."

"Basi tubadilishane. Mumeo atapona leo hii, atacheka, atakula, atanyoa watu. Nipe kinacholingana naye."

Alitafuta. Hereni? Akiba? Miaka yake? Mgeni alikuwa akimpima kutoka kichwani hadi miguuni, jinsi watu wanavyotazama gauni kwenye kioo cha duka.

"Nafasi yako," akasema.

Bila Risiti alielewa. Alielewa ni jiko lake, ni kikombe chake, ni kitanda chake. Akamwona mume akimwambia, karibu, dada.

"Atapona kweli?"

"Kabla jua halijazama."

Akavuta fomu ya kubadilisha bidhaa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akampa mwanamke mwingine kitu chake bila kugombana. Alitia saini.

*

Kinyozi alipona jioni ile. Alikula sahani mbili, kesho yake akafungua kibanda chake cha kunyolea, na vicheko vikasikika hadi barabarani. Feni ilirudi rafuni na kununuliwa. Hakuna aliyejua na nani. Mkewe alirudi kazini akiwa mpole, uso umenawiri, na wateja wasio na risiti aliwahudumia kwa tabasamu. Watu walimsifu mganga.

Wifi peke yake hakusifu. Mke wa kaka yake siku hizi hakuwa na wivu. Mwanamke mmoja alimleta mtoto kunyolewa, akakaa saa nzima akipiga soga na kinyozi, na mke akamletea kiti. Akamwongezea mto. Na mke huyo alipopita, upepo wake ulikuwa wa baridi.

Ijumaa, zamu ilipokwisha, dada mtu alijinunulia sabuni kwenye kaunta yake mwenyewe, namba nne. Mashine ikakoroma. Risiti ikatoka ya moto hata akaidondosha, akaiokota.

Sabuni ya kuogea, 1.
Kaunta 9.
Umehudumiwa na: Bila Risiti.

Na mahali penye "Asante, karibu tena" paliandikwa:

Wifi, analala upande gani?

Alisimama pale mpaka taa zikaanza kuzimwa, safu baada ya safu. Jibu alikuwa nalo. Asubuhi ile alikuwa amepitia kwa kaka yake, mlango wa chumba ulikuwa wazi, na kitandani aliona mto mmoja tu, katikati, wa watu wawili.

Akaenda hadi kwenye ukuta ulio baada ya namba nane, akaweka kiganja, akakaribisha mdomo.

"Ukutani, wifi," akanong'ona. "Analala ukutani. Upande wa mlangoni hakuna mtu. Bado ni pako."

Ukuta ulitulia kidogo, kama mtu anayefikiria. Kisha, chini ya kiganja chake, ukaanza kupata moto.