Kadi ya Mama Mkubwa

Wiki ya tatu ya matibabu ya ugonjwa wa kusahau, Sieni alishika kikombe chake cha kakao kwa mkono wa kushoto. Binti yake Fuatino aliona, akanyamaza, maana asubuhi hiyo hiyo mama alikuwa amemwita kwa jina kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, na mtu aliyeangukiwa na bahati kama hiyo haanzi kukagua mikono.

Kila Jumatatu na Alhamisi alimpeleka kituo cha utafiti, kule kule Auckland, New Zealand, walikoishi. Walimvisha mama mkanda wenye sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, umeme mdogo usiouma ukapita kichwani dakika ishirini, huku akionyeshwa kadi za picha ataje majina. Picha zilitoka nyumbani. Fuatino ndiye aliyezichagua: wajukuu, mchungaji, na Peleiupu, dada mkubwa wa mama, mtu wa mkono wa kushoto, aliyefia kwao Samoa, kisiwani Savai'i, miaka tisa iliyopita. Picha yake pekee ilikuwa ya msibani, amelala jenezani kafunikwa mkeka laini. Familia nyingi za Kisamoa zina picha kama hiyo sebuleni, na Fuatino hakuifikiria mara mbili.

Wiki ya nne ikaja harufu ya mafuta ya nazi na langilangi, yale waliyompaka Peleiupu alipokufa. Fuatino alifua mashuka, akafungua madirisha, wapi. Mchana mmoja mama alikuwa amejilaza kwenye kochi, akanong'ona kwa sauti yake ya unyonge:

"Dada, sogea. Unanibana."

"Mama, unaongea na nani?"

Macho yakafunguka. Sauti iliyojibu ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kuamuru. "Fuatino, kaangalie majimbi. Yanaungua."

Jioni, kwenye sala ya nyumbani, mama ambaye maisha yake yote alisoma zaburi kwa kufuata kidole aliifunga Biblia, akaitoa zaburi nzima kwa kichwa, aya baada ya aya, bila kukwama, kwa mikogo ile ile ya Peleiupu aliyekuwa akiongoza sala za ukoo, na harufu ikazidi mpaka Fuatino akahisi mafuta kwenye ulimi wake, na hakuthubutu kusema amina.

Jumamosi asubuhi akamwita Bi Tuse, mkandaji wao, mwenye mkono wa kutoa pepo, akamsimulia yote, kuanzia kadi hadi harufu. Bi Tuse alimpaka mama mafuta, akambana paji la uso kwa kidole gumba.

"Wewe nani?"

"Unanijua, Tuse. Usijitie hamnazo."

"Nani kakuita?"

"Mdogo wangu. Kaniita mpaka nimechoka."

Bi Tuse akageuka taratibu. "Kwenye hizo kadi, jina lake linatajwa mara ngapi?"

"Kama mara arobaini kila wakikaa," Fuatino alisema kwa sauti ya chini. "Nilidhani namsaidia, Bibi."

"Mtoto wewe. Hata aliye hai, ukimwita mara arobaini atakuja."

Kisha akamsogelea Fuatino sikioni. "Namtoa leo hii. Ila ataondoka na alichokuja nacho. Kumbukumbu hizi si za mama yako. Mama yako yumo humo, kasukumwa nyuma. Nikimrudisha, atarudi vile vile alivyokuwa."

Fuatino alijua alivyokuwa. Miezi kumi na mmoja mama alimwita nesi, akimwomba kwa adabu amtafutie binti yake, akilia kwamba mtoto kamtupa. Fuatino alikuwa akimjibu kwamba binti yuko njiani, halafu anaenda kulia bafuni.

Mdomo wa mama ukatabasamu. "Amua, Fuatino. Unataka kuwa nesi tena?"

Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani. Akaichukua chupa ya mafuta mkononi mwa Bi Tuse, akaifunga kifuniko.

"Mama yako anabanwa humo, Fuatino."

"Najua."

Bi Tuse akakusanya majani yake ya dawa, akaondoka bila kugusa kakao aliyotengewa. Mlango ulipofungwa, kutoka kwenye kochi ikatoka sauti ndogo, ya mbali, kama ya mtu aliye chini ya magodoro mengi: "Nesi... nesi, nisaidie." Fuatino akasimama pale pale, vidole vimeshika meza.

Kisha ikaja ile nzito, tamu, isiyokosea.

"Fuatino."

"Abee, Mama Mkubwa."