Kifaa cha Nne

Siku ya Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2025, saa sita na robo mchana, kifaa cha nne kilijiandikisha kwenye mtandao wa wageni katika ofisi ya wapimaji ardhi mjini Kisarawe, ilhali ofisini mlikuwa na simu tatu tu. Mahali pa jina palikuwa patupu.

Castory alikitazama kwa dharau kwenye skrini ya kompyuta yake. Alikuwa fundi wa majaribio, mwenye cheti cha miezi sita na shingo ngumu ya miaka sitini. Akifaulu kazi ya siku hiyo angeajiriwa, na asingelazimika tena kutangatanga Dodoma akitafuta vibarua, huku mkewe, Marselina, akibaki peke yake Mkuza, Kibaha, na kichanga chao, Blessing, cha siku kumi na tisa. Kazi yenyewe aliiona ya kitoto: kukigawa kisanduku kimoja cha intaneti kisichozidi ukubwa wa sahani katika mitandao pepe mitatu isiyotumia waya, wa wafanyakazi, wa ramani na wa wageni, kila mmoja ukiwa na ukuta wake ili wa huku asichungulie kule.

"Huo wa wageni hauna nywila," alisema Bi. Mwanaamina, karani wa masjala tangu mwaka 1994. "Atakayeingia utamjuaje?"

"Nimeuamuru umpokee kila anayebisha, mama. Mambo ya kuulizana ukoo yamepitwa na wakati."

"Kwetu Mzenga, jua likiwa utosini, hodi haiitikiwi mpaka mbishaji ataje jina. Asipolitaja hakaribishwi."

"Kwenu Mzenga, mama, hata kuku wana majini."

Hapo hodi ikasikika. Haikutoka mlangoni, ilitoka ukutani, pale kisanduku kilipotundikwa, kwa sauti nyembamba kama ya mtu aliyekaa miaka mingi bila kusema na mtu.

"Nani?" alinong'ona Bi. Mwanaamina.

Ikaja hodi ya pili, bila jina.

"Nani wewe? Castory, nakusihi, usiitike."

Castory akacheka, akajinyoosha kitini. "Karibu, karibu ndani. Jisikie uko nyumbani."

Hodi ya tatu haikupigwa. Badala yake ikaja harufu ya ubani uliochanganyika na udongo mbichi, feni ikapunguza mwendo hadi mapanga yake yakahesabika, nyayo tupu zenye majimaji zikasikika zikitoka ukutani, moja baada ya nyingine, bila haraka, hadi nyuma ya kiti chake, na palepale machoni pake kile kifaa cha nne kikahama kutoka mtandao wa wageni kikaingia wa wafanyakazi, kikatoka kikaingia wa ramani, kikizipita kuta alizojivunia kana kwamba ni pazia la kanga, mpaka mahali pa jina palipokuwa patupu pakaanza kujaa, herufi baada ya herufi: Castory.

Aling'oa waya wa umeme. Taa za kisanduku zikaendelea kuwaka.

"Usikimbie," alinong'ona karani. "Aliyemkaribisha ndiye wa kumuaga. Mwambie ulikosea, umsindikize kwa adabu hadi njia panda. Mimi siwezi kukuagia, si mgeni wangu."

Neno hilo la kukosea lilimshinda Castory. Msomi mzima auombe radhi ukuta, tena mbele ya mama wa masjala?

"Ni hitilafu ya kawaida," alisema, akakusanya vifaa vyake, akatoka.

Taa zikazimika. Harufu ikamfuata nje, kisha ikamtangulia barabarani. Bi. Mwanaamina akafungua daftari la wageni, akaandika kwa mwandiko wake ulionyooka: *Saa saba na dakika tano. Ameondoka na mwenyeji wake.*

Saa kumi na moja jioni Castory alifika Mkuza. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, na chini yake ilipenya harufu ile ya ubani.

"Hodi."

"Nani?" Marselina aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi, Castory. Fungua, mama Blessing."

Komeo halikuguswa.

"Mume wangu yuko ndani," alinong'ona Marselina. "Amerudi tangu mchana. Amempakata mtoto."

Na nyuma yake, kutoka chumbani, sauti ile nyembamba ikasema kwa upole:

"Usimkaribishe, mama Blessing. Hatumjui."