Watoto wa Malkia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mbithe alizunguka nyuma ya nyumba yao mtaani Jericho, sufuria ya makoko ya ugali mkononi, akamlisha mbwa wao Malkia. Tangu tumbo la Malkia lianze kuvimba, Mbithe naye alikuwa amevimba kichwa.

"Malkia ana mimba," aliwatangazia wenzake. "Anayetaka mtoto abuku mapema!"

Watoto wa mtaa walikuwa na desturi hiyo: unamfanyia mwenye mbwa hisani, naye anakuwekea mtoto wako kabla hajazaliwa. Thuo, ambaye babake alitengeneza viatu vya matairi Kariokor, alimletea Mbithe akala mpya. Wacera alimchotea maji bombani kila jioni. Mbithe, ambaye zamani hakuna aliyemwita mchezoni, sasa ndiye aliyeamua nani aanze kuruka kamba. Utamu ulioje!

Kisha makoko yakaanza kubaki. Malkia alimaliza karai zima la maji, akarudi kulala. Jumatatu Mbithe aliona ute mzito, wenye harufu mbaya, ukimtoka chini ya mkia. Alitazama kama baba yake yu karibu. Alichukua tambara, akaufuta, akalitupa tambara jaani.

"Malkia anakula?" aliuliza baba yake, Mativo, aliyekuwa dereva wa lori.

"Sana, Baba. Si unaona tumbo?"

Jumamosi madaktari wa mifugo walikuja katika ukumbi wa mtaa kuwachanja mbwa. Mwaka huo wa 1986 walikuwa na kifaa kigeni machoni pa watu: mashine iliyoonyesha yaliyo tumboni kwa mawimbi ya sauti. Mativo na Mbithe walipomleta Malkia ili watoto wake wahesabiwe, Daktari Nakhumicha alimnyoa manyoya ya tumbo, akampaka mafuta mazito, akatelezesha kifaa kidogo juu ya ngozi. Kioo kama cha televisheni kikawaka. Watoto wakasongamana.

"Wangu ni dume!" Thuo alipiga kelele.

"Nyamaza, wee! Utaniamshia wangu," Wacera akasema, na wote wakacheka.

Daktari hakucheka. "Angekuwa na mimba kubwa hivi, tungeona mioyo midogo ikipiga. Sioni hata mmoja. Naona majimaji tu. Kama ni usaha katika mji wa uzazi, lazima apasuliwe leo, la sivyo atakufa. Nani humlisha?"

"Binti yangu huyu," Mativo alijibu.

"Haya, mama. Anakunywa maji kuliko kawaida? Umeona uchafu ukimtoka?"

Mbithe aliinama, macho yakatua kwenye zile akala alizopewa na Thuo, alizozivaa. Neno "hapana" lilikuwa tayari mdomoni. Ndipo Malkia akamgusa mkono kwa pua yake, kavu na yenye moto.

"Ndiyo," alisema. "Anakunywa sana. Na uchafu ulimtoka Jumatatu. Niliufuta... Baba asiuone."

Watoto wakageukiana.

"Kumbe hakuna watoto?" Thuo aliuliza.

"Na maji yote niliyochota!" Wacera akasema.

Mbithe alitamani ardhi ipasuke immeze. Baba yake hakumkemea. Alimtazama tu, na hilo likamchoma kuliko fimbo. Kisha alivua koti lake, akamfunika Malkia, akambeba hadi kwenye gari la madaktari.

Malkia alipasuliwa mchana huo, akapona, ingawa hangezaa tena. Mbithe aliziosha zile akala, akazipeleka kwa kina Thuo akiwa miguu mitupu.

"Lakini hukujua kwamba hana mimba," Thuo alimwambia.

"Nilijua ni mgonjwa," Mbithe akajibu.

Jioni moja baada ya Malkia kurudi nyumbani, baba yake alimkuta ameketi kando ya Malkia, aliyekuwa akilamba sufuria tupu.

"Kudhani vibaya si kosa, mwanangu. Hata mimi nilidhani ana mimba. Lakini ulipotupa lile tambara, ulitupa dalili ambayo ingemletea dawa. Ukweli ulikuaibisha siku moja. Uongo ungekuaibisha kila ukipita hapa na kuona karai hili halina mwenyewe."

Mbithe aliinuka, akaenda kwa kina Wacera, akaomba ndoo yao awachotee maji, akashika njia ya bombani. Wasichana waliokuwa wakiruka kamba walisimama wakamtazama. Hakuna aliyemwita, naye hakusimama.