Koki ya Chini Kabisa

Kila Jumatano baada ya masomo, Vilja alipitia kwa babu yake, Mzee Taisto, kula supu ya samaki na kusimulia vituko vya darasani. Jumatano hiyo ya Oktoba, redio ya jikoni ilitangaza kwamba usiku baridi ingefika nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Vilja akashusha kijiko.

"Waache watangaze," alisema Babu, akijimiminia kahawa. "Nyumba yetu ya ziwani imeshafungwa. Fundi wangu katia sahihi mwenyewe."

Fundi huyo alikuwa Vilja, msichana wa miaka kumi na miwili. Jumamosi walikuwa wamekwenda kuifunga nyumba yao ya kiangazi kabla ya majira ya baridi. Goti la Babu lilikuwa linauma, hivyo Vilja alikabidhiwa peke yake kazi ya kutoa maji yote mabombani. Alizima pampu, akafungua koki za jikoni, bafuni na sauna, chumba cha kuogea mvuke, mpaka zikakauka. Ilibaki moja, ya chini kabisa, chini ya sakafu, ambayo huifikii ila kwa kutambaa kwa tumbo kwenye matope na utando wa buibui. Vilja alikuwa amevaa jaketi jipya. Akajiambia maji yamekwisha, akaandika katika daftari la nyumba: "Mabomba yote matupu. Vilja."

Sasa aliikumbuka koki ile. Maji yakiganda huvimba na kupasua bomba, na mabomba yale Babu aliyaunga kwa mikono yake mwenyewe, mwaka aliozaliwa mama yake Vilja.

"Babu, koki ya chini sikuifungua," alisema. "Nilidanganya kwenye daftari."

Babu aliweka kikombe mezani. Vilja aliona aibu, lakini hakuinamisha kichwa.

"Twende sasa hivi, kabla jua halijazama," aliongeza Vilja.

"Haya, vaa viatu," alisema Babu, akichukua chupa yake ya chai iliyojaa kahawa. "Na jaketi la zamani safari hii, bibi harusi!"

Walipofika, ukingo wa ziwa ulikuwa umeshaanza kuganda. Vilja akajitosa chini ya sakafu na tochi mkononi. Alishika koki, akazungusha. Wapi!

"Imeganda, Babu!"

"Usiilazimishe, itakatika! Una nini huko?"

"Tochi, na buibui."

"Nisalimie."

Vilja alifikiri kidogo, akavua skafu yake na kuifunga kwenye koki. "Babu, nipe kahawa yako."

"Kahawa yangu?"

"Si ni ya moto?"

Babu aliguna kama mtu aliyeombwa figo, lakini chupa ikapita. Vilja alimwaga kidogo kidogo juu ya skafu, akasubiri, akamwaga tena. Kisha akazungusha taratibu. Koki ikalegea, na maji yakamwagika pamoja na vipande vya barafu, yakamwingia mpaka ndani ya mikono ya jaketi. Vilja alicheka kwa sauti. Hakutoka mpaka tone la mwisho, na mpaka alipomulika bomba zima na kuona halina ufa.

Ndani, Babu alifungua daftari mezani.

"Bomba halisomi daftari, Vilja," alisema. "Mimi ndiye ninayelisoma. Nimelala usingizi mzito siku nne kwa sababu ya sentensi yako moja. Ukiandika jina lako chini ya kazi, kuna mtu anakuamini, kwa hiyo ifanye yote, hata ile isiyoonekana. Umekosea. Lakini umenieleza wewe kabla bomba halijakusemea, na hilo nimelipenda."

Vilja alichukua kalamu, akaandika: "Jumamosi nilidanganya. Leo, Jumatano, koki ya chini imefunguliwa. Vilja."

Akamsogezea Babu daftari. "Tia sahihi na wewe, kwamba umehakikisha."

Babu alisoma, akalifunga daftari na kulirudisha kwenye rafu.

"Ya nini? Jina lako lipo."