Kopa ya Tano

Mwanamume akikufundisha karata, mshukuru, lakini usifanye haraka kuolewa naye. Somoe hakuambiwa hayo na mtu siku ile gatini Mtwara, mwaka wa hamsini na tatu, bandari ikijengwa na vumbi la saruji likitua hadi kwenye vitumbua vyake. Fikirini alimjia na kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, kofia ya viua kichwani, ananukia marashi katikati ya watu wa jasho.

"Bibie, nipe kitumbua na jina lako."

"Kitumbua nauza. Jina siuzi."

"Basi nitanunua vitumbua mpaka jina uniongeze!"

Akanunua kweli, mpaka akaruhusiwa kukaa barazani kwa shangazi yake Somoe, kule Chuno. Hapo akamfundisha poka, mchezo aliouokota kwa mafundi wa bandari. "Kuomba karata kila mtu anajua, mpenzi. Fundi ni yule anayeona ameshapigwa, akaziweka chini, akaenda zake nyumbani." Somoe akacheka, akampiga begani kwa pindo la kanga. Alimpenda mno. Na Fikirini alikuwa amemwapia kwamba kamari ameacha.

Ikaja Jumamosi ya posa. Mjomba wake Fikirini, Salumu, angefika kutoka Madimba alasiri, maana kwao mpwa haposi bila mjomba wake. Hata mikorosho ya Madimba ilikuwa ya ukoo wa mama. Fikirini alipewa kuokota korosho tu.

Adhuhuri ikapita, Fikirini haonekani. Somoe akajitanda buibui, akaenda moja kwa moja kwenye banda la mbao nyuma ya kambi ya bandari, wanakochezea kamari. Jamani! Katikati ya mkeka vililala vikuku vya fedha, kishika uchumba ambacho Somoe angeletewa alasiri ile. Mkononi Fikirini alikuwa na kopa nne, akikosa ya tano. Mbele yake alikaa Muhidini, mnyapara, akitafuna kijiti polepole.

"Mimi sibadilishi hata moja," alisema Muhidini. "Nimeshiba. Anayetaka kuomba aongeze dau."

Somoe akainama nyuma ya mchumba wake. "Fiki, weka chini. Vikuku viende. Mjomba yuko njiani."

"Moja tu, mpenzi. Nataka kopa moja."

"Mtu amekataa karata, maana yake mkono wake umeshakamilika! Wewe si ndiye uliyenifundisha hayo?"

Fikirini alijua. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola.

"Una nini tena?" Muhidini akauliza.

"Mikorosho ya Madimba."

"Si yako hiyo, Fiki! Ni ya mama zako!"

"Ikitoka kopa, vyote vinarudi, na mjomba hajui lolote."

Muhidini akakubali kwa kichwa, Fikirini akaomba. Akaifunua pembe ya karata taratibu, kisha akaruka juu. "Kopa! Kopa tano! Umeona, Somoe? Umeona?"

Muhidini hakutoa hata kijiti mdomoni. Akalaza ree tatu na saba mbili. Watu wakashika vichwa, maana kopa tano hazifui dafu mbele ya hizo.

Somoe akatoka. Fikirini akamkimbilia, akamshika mkono.

"Mpenzi, niombee kwa mjomba. Nitavirudisha vyote. Jumamosi ijayo, mchezo mmoja tu, wallahi!"

Somoe akamtazama, machozi yanamlenga. "Nakupenda, Fiki. Nakupenda mpaka naumwa. Lakini mimi nimeona nimeshapigwa, na nakwenda zangu nyumbani."

Akautoa mkono wake. Adhana ya alasiri ilikuwa inaadhiniwa, na njiani alikuja Mjomba Salumu na wazee wawili, kanzu zao nyeupe pepe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uko huku? Mpwa wangu yuko wapi?"

Somoe akamwonyesha banda kwa kidole, akaendelea kutembea.